Ukucha wa Bi Saleha

Sura ya Sita

Chumba cha mjane wa eda hakifukizwi udi. Khole bint Nasr alilijua hilo tangu utotoni, na ndiyo sababu alisita mlangoni mwa chumba nambari kumi na mbili badala ya kuingia moja kwa moja.

Moshi ulikuwa mwingi. Chetezo kilikuwa sakafuni karibu na kitanda, makaa bado mekundu, na kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho, chumba kikawa na baridi ya kutia hofu, ilhali nje mji wa Ibra ulikuwa unaungua kwa jua la saa nne asubuhi. Kitandani alilala mwanamke mzee, amefunikwa shuka jeupe, masikioni hana herini, mkononi hana bangili. Kila kitu mwilini mwake kilisema huyu ni mjane. Udi peke yake ndio uliokuwa mgeni.

"Hodi, Bi Saleha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani wewe?"

"Naitwa Khole. Natoka idara ya kuchunguza vifo vya wagonjwa, Maskati."

"Kwani nishakufa?"

"Bado, bibi."

"Alhamdulillah. Maana hapa hawatwambii kitu."

Khole alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mguu wa kulia wa bibi. Ulikuwa juu ya mto, kisigino kimefungwa bandeji nyeupe safi, vidole viko nje.

Hakuja kwa ajili ya Bi Saleha. Alikuja kwa ajili ya Bi Mabruka, mtu wa Mudhaibi, aliyekuwa akilala chumba cha jirani hapa hapa Darul Kadi, nyumba ya kuuguzia wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Wiki tatu nyuma Bi Mabruka alikimbizwa hospitali na kufa siku hiyo hiyo. Damu yake ilikuwa imejaa sumu iliyotoka kwenye kidonda cha mgongo. Faili lake lilisema kidonda kilikuwa karibu kufunga. Khole alikuwa muuguzi miaka kumi na miwili kabla ya kugeuka mpelelezi, na alijua kidonda kinachokaribia kufunga hakiui mtu. Nyumba ilikuwa na wagonjwa arobaini. Tisa kati yao, akiwemo Bi Saleha, walikuwa na vidonda vikubwa vya kulalia au vya kisukari, vile vinavyotaka matunzo ghali kila siku.

"Mguu unauma?"

"Hauumi tena. Zamani ukiuma nikalia usiku kucha. Sasa siusikii kabisa. Maen, yule meneja kijana, katuma niambiwe ndo kupona huko."

Khole alivitazama tena vile vidole. Alikuwa hajawahi kusikia kidonda kinachopona kwa kufa ganzi.

"Na huu udi, bibi? Wewe si mtu wa eda?"

"Si mie nilotaka. Wananifukizia kila asubuhi. Nimewakataza, nimewambia manukato kwangu mie hayafai mpaka eda yangu ishe. Wananambia amri ya ofisi." Bi Saleha alitoa uzi chini ya mto, uzi mrefu wenye mafundo. "Mume wangu Yaqoub kanifia tarehe nane Shaabani. Leo Arafa. Zimebaki siku tisa. Hapana mwanamume alonitia machoni tangu siku ile, hata daktari. Alikuja hapa juzijuzi kutoka Nizwa, nikamwambia Fatma mrudishe."

"Daktari hakukuona?"

"Kaona picha."

Khole aliinama kama anayeweka sawa shuka, akavuta pumzi. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, nzito, tamutamu. Alijiambia huenda inatoka chumba cha pili. Bandeji ilikuwa imefungwa asubuhi ile, na kufungua kidonda bila sababu ni kukitia uchafu. Akatoka, na huko kutoka atakujutia baadaye.

Fatma, muuguzi wa vidonda, alikuwa stoo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kwao Birkat al Mauz, na alipomwona Khole na karatasi ya ruhusa ya upekuzi aliegemea ukuta. Khole alianza na kabati lake la nguo. Nyuma ya sanduku la viatu alikuta pakiti kumi na moja za bandeji za dawa, zile ghali, ambazo kwa daftari la stoo hazikuwepo.

"Hizi za nani?"

"Za wagonjwa."

"Mbona zimo kabatini kwako?"

Fatma aliliokota sanduku la viatu, akalirudisha mahali pake.

"Unauza?"

"Wallahi siuzi."

"Basi nambie. Kidonda cha Bi Saleha kikoje?"

"Daktari ameona picha."

"Sikukuuliza daktari ameona nini. Nakuuliza wewe unayekifunga."

"Daktari ameona picha, dada Khole. Kasaini."

Khole alibadili njia. Alimtaka aeleze kazi yake toka mwanzo, kama anamfundisha mgeni, na Fatma akaeleza haraka haraka kwa sauti ya mtu anayesoma. Kila wiki anapiga picha ya kila kidonda kwa kamera ya nyumba. Pembeni anaweka rula ya karatasi yenye sentimita ili ukubwa ujulikane, halafu anatia sahihi kwenye orodha na kupeleka kamera ofisini. Kila miezi miwili Dokta Hud anakuja kutoka Nizwa, anasoma picha, anaamua nani aendelee na pampu ya kunyonya uchafu wa kidonda na bandeji za dawa, na nani arudi kwenye shashi, kitambaa chepesi cha kawaida. Siku tano zilizopita alikuwa hapa. Bi Saleha akarudishwa kwenye shashi.

"Tarehe za picha anaandika nani?"

"Ofisi."

"Ofisi ina jina?"

Fatma aliutazama mlango. "Ofisi," alisema tena.

Ilikuwa rahisi sana. Bandeji zilizofichwa, sahihi yake kwenye kila orodha, macho yanayokimbilia mlangoni. Khole alikuwa amekwisha kuona wauguzi wezi, na huyu alifanana nao wote. Alimwambia asitoke nje ya jengo, akachukua faili la Bi Saleha na kwenda kukaa chumba cha kulia, kilichokuwa kitupu kwa sababu wengi siku hiyo walifunga.

Alipanga picha nane mezani kwa tarehe zake. Faili lilikuwa zuri, na yeye mafaili mazuri yalikuwa yakimkera. Picha ya kwanza, ya miezi miwili nyuma, ilionyesha shimo jeusi kisiginoni, kubwa kama yai, na katikati yake kitu cheupe ambacho Khole alikijua ni mfupa. Ya pili nafuu. Ya nne weusi umepungua. Ya nane, ya wiki iliyopita, kidonda chekundu kisafi kisichozidi kokwa ya tende. Ungeweza kumfundishia mwanafunzi.

Na yeye alikuwa amefunga. Ile picha ya kwanza ilikuwa nzito kuitazama kwa tumbo tupu, akaweka kiganja juu yake kuficha shimo ili apumzishe macho kidogo. Kilichobaki nje ya kiganja kilikuwa dole gumba la mguu.

Ukucha ulikuwa na hina, nyekundu iliyoiva. Lakini hina haikufika hadi mwanzo wa ukucha. Penye nyama palikuwa na ukanda mtupu, rangi ya ukucha wa kawaida, sehemu iliyoota baada ya hina kutiwa.

Khole alivuta picha ya pili. Akachana ukingo wa gazeti, akaweka alama kwa kalamu, akalinganisha na rula iliyomo pichani. Picha ya kwanza, ukanda mtupu ulikuwa na milimita nne na nusu. Ya nne, tatu na nusu. Ya nane, mbili. Alipima tena toka mwisho kuja mwanzo, akapata vile vile.

Ukanda ulikuwa unapungua. Wiki baada ya wiki, kwa tarehe za faili, ukucha wa Bi Saleha ulikuwa ukirudi ndani ya nyama.

Alizigeuza picha. Ya nane akaiweka mwanzo, ya kwanza akaiweka mwisho. Sasa ukucha uliota kama kucha zote za wanadamu, na kidonda kilikua pamoja nao: kokwa ya tende, kisha tende, kisha yai.

Lile shimo jeusi lenye mfupa halikuwa la miezi miwili nyuma. Lilipigwa picha wiki iliyopita. Lilikuwa ndani ya ile bandeji nyeupe, sasa hivi, chumba nambari kumi na mbili, na yeye alisimama mbele yake saa moja nyuma na kutoka.

Alikimbia. Fatma alikuwa amekaa palepale stoo juu ya katoni.

"Kifungue kidonda cha Bi Saleha. Mpime homa. Mimi naita gari la wagonjwa."

Fatma alianza kulia kabla hajainuka. "Nimemwambia mara tatu, dada Khole. Nimemwambia kinanuka, nimemwambia kinaingia ndani. Akanambia daktari kaona picha, wewe nani? Akanambia sahihi zote zangu, mtu akifa jina litakuwa langu. Zile bandeji nikizificha nimfunge Bi Saleha zamu za usiku. Bandeji peke yake haitoshi."

"Nani alikwambia?"

"Maen."

Hospitali ilisema gari litafika baada ya dakika ishirini na tano. Dokta Hud alipokea simu akiwa Nizwa, akamsikiliza Khole hadi mwisho.

"Sikuingia," daktari alisema. "Alinikataa, mjane wa eda, nami nikaona haya kulazimisha. Ningeingia ningejua kabla sijafika kitandani." Kisha akasema kidaktari, haraka: "Mtoe hapo leo. Ukingoja kesho, sikukuu, hutamkuta. Na mguu usiniulize."

Dakika ishirini na tano. Khole aliingia ofisini.

Maen, meneja wa Darul Kadi, alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, kanzu yake imenyooshwa, kofia yake imekaa sawasawa. Alizaliwa Maskati, na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, nusu nusu. Alisimama kumkaribisha. Khole aliweka picha mbili mezani, ya kwanza na ya nane, akamwonyesha ukucha kwa ncha ya kalamu.

"Nieleze. Huu unarudi nyuma vipi?"

Maen alitazama, akatabasamu. "Ah, hii? Hii hina, Bi Khole. Sisi tunatia wagonjwa hina. Tuna siku ya hina kila mwezi, ya'ni, wafurahi. Ametiwa tena, ndiyo maana nafasi inakuwa ndogo."

"Una orodha?"

"Ipo. Dakika moja tu."

Zilikuwa dakika nne, chumba cha ndani. Alirudi na karatasi mbili za siku mbili za hina, majina yameandikwa, na mbele ya jina la Saleha alama ya tiki. Khole aliipokea ya juu. Ilikuwa ya moto bado, imetoka kwenye printa sasa hivi.

"Nani aliyeweka tiki?"

"Fatma. Yeye anakaa nao hao wazee."

"Fatma ndiye anayemwogesha Bi Saleha. Fatma ndiye aliyemrudisha daktari mlangoni. Unajua kwa nini daktari alirudishwa?"

"Bibi hapendi madaktari wanaume."

"Kwa nini?"

Maen aliigeuza karatasi iliyobaki mkononi mwake, kama kwamba jibu limeandikwa humo.

"Yupo edani," alisema Khole. "Mumewe kafa Shaabani. Miezi minne na siku kumi hatii hina, hatii wanja, hajifukizi. Fatma hawezi kumwekea tiki ya hina mjane wa eda, hata umlipe. Aliyeweka tiki ni mtu asiyejua bibi huyu kafiwa. Ndiye huyo huyo anayeamuru afukiziwe udi."

Nje, muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa akijaribu kipaza sauti. Maen alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Shufi, tazama, Bi Khole," alisema taratibu. "Anayelipa, analipa kila kitanda sawasawa. Mwenye kidonda, asiye na kidonda, sawasawa. Pampu moja kwa siku inakula pesa ya kitanda nne. Mimi nina vidonda tisa. Nikikodi pampu tisa, baada ya mwaka nafunga mlango. Watu arobaini wanakwenda wapi? Watoto wao wako Maskati, wako Dubai, wako London. Nani atawageuza kitandani?"

"Ukakodi ngapi?"

"Tatu. Kila moja watu watatu, kwa zamu."

"Mashine ya kunyonya uchafu wa kidonda. Kwa zamu."

"Niliandika barua kwa wanaolipa, mara mbili. Hawakujibu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Halafu daktari anakuja na picha mbaya. Akiziona anaongeza siku za pampu. Nikapindua tarehe. Nikasema watapona wenyewe, inshallah, wengine wanapona wenyewe. Bi Mabruka nilidhani atapona."

Khole hakumwonea huruma, na alishangaa kuona kwamba alikuwa anamwelewa. Hilo lilimtisha kuliko uwongo wake. Huyu hakuwa shetani. Alikuwa mtu aliyepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa na watu ndani.

Mlango ulifunguliwa. Fatma alisimama hapo na glavu mkononi, uso umemtoka rangi.

"Homa thelathini na tisa na nusu. Mfupa uko nje. Na anakataa kutoka, dada Khole. Kasikia gari linakuja na wanaume."

Chetezo kilikuwa kimetolewa chumbani, na harufu iliyokuwa imejificha chini ya udi sasa ilikuwa imejaa kila mahali. Bi Saleha alikuwa na jasho usoni, licha ya ile baridi, na uzi wake wa mafundo ameukamata kifuani.

"Zimebaki siku tisa, mwanangu. Nawangoje nimalize, kisha wanichukue watakako."

"Siku tisa huna, bibi."

"Usinitishe."

"Nakutisha kwa sababu mwenyewe naogopa. Dharura inaruhusu, hata mashekhe wanasema."

"Naijua dharura, nimesomeshwa kabla mamako hajazaliwa. Lakini dharura iko wapi? Kila siku naambiwa kinapona. Leo weye unakuja waniambia nakufa. Nani mkweli?"

Khole alikuwa na picha mbili mkononi. Alisita. Bibi huyu hakuwahi kukiona kisigino chake. Hakuna aliyemwonyesha, naye hakuwahi kuuliza. Akaziweka juu ya shuka, mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine.

"Hii walisema ya zamani. Hii walisema ya sasa. Ni kinyume. Tazama ukucha wako."

Bi Saleha aliitwaa picha, akaisogeza karibu na pua. Alitazama muda mrefu. Kidole chake kilipita juu ya ule wekundu wa ukuchani, hakikugusa kidonda.

"Hina ya Mayar, mjukuu wangu," alisema. "Kanitia siku tatu kabla babu yake hajafa. Kanunua soko la Jumatano, la wanawake. Nikasema haitoki hii, basi nayo ikae iote, iondoke na eda." Akaigeuza picha uso chini. "Kwa hiyo mie nilijificha daktari asinione. Kumbe namfichia siri huyu kijana Maen."

Nje lango lilisikika likifunguliwa, gari la wagonjwa likaingia.

"Watakata?"

Khole alitamani kusema hapana. "Pengine, bibi."

Bi Saleha alifumba macho. Midomo yake ilikwenda kidogo kidogo bila sauti, na alipoyafumbua tena macho aliutia uzi mkononi mwa Khole.

"Nifungie fundo la leo, mikono yangu haina nguvu. Halafu nipe ukaya nijifunike uso, uwaite hao wanaume."

Walimtoa saa sita kasoro. Khole alitembea pembeni mwa machela hadi garini, amemshika mkono kwa juu ya shuka, na mkono ulikuwa wa moto kama sufuria. Gari lilipoondoka alirudi ndani. Maen alikuwa amekaa ofisini na askari wawili ambao Khole alikuwa amewaita.

Mezani kulikuwa na mafaili manane yaliyobaki. Khole aliyafungua moja baada ya moja, amesimama. Migongo, makalio, nyonga, goti. Wanaume watano, wanawake watatu. Hakuna hina popote, hakuna ukucha, hakuna chochote kinachoota cha kusema ukweli. Na mafaili yote manane yalisema kidonda kinapona. Inawezekana baadhi yalikuwa ya kweli. Hakukuwa na njia ya kujua isipokuwa kufungua bandeji zote, na muuguzi wa vidonda alikuwa mmoja, na jua lilikuwa limeshapita kichwani.

Akatoka kwenye korido ndefu yenye milango iliyofungwa. Hapo ndipo alipokumbuka.

"Fatma, ule udi wa kuficha harufu. Kaamuru mfukize vyumba vingapi?"

Fatma alihesabu kwa vidole.

"Vitano, bila cha Bi Saleha." Akainua kidole kimoja zaidi. "Leo asubuhi kanambia niongeze cha sita."

Khole alivaa glavu. Chini ya mlango wa kwanza moshi ulikuwa unatoka taratibu, akausukuma na kuingia.